Makomeo Mawili kutoka Gerezani

Leicester, Uingereza

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu kwako, kwa mkazamjomba, na kwa jamaa wote wa barazani Mtaa wa Narung'ombe, wachezao bao na wale wanaokuja kunywa kahawa na kuwakosoa wachezao bao, nakuarifu kuwa mimi ni mzima wa afya, isipokuwa dole gumba la mkono wa kushoto, ambalo habari zake utazisoma humu kwa wakati wake.

Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa kalamu mkononi, na muradi wake nimeufahamu: kwamba jirani wa mkono wa kulia ametia geti jipya la bati zito, jeusi, lenye vichwa viwili vya simba vilivyopakwa rangi ya dhahabu na safu ya mikuki juu yake, kwamba tangu siku hiyo nyumba ya marehemu babu inaonekana kama mtu aliyekwenda harusini na shuka la kulalia, na kwamba mimi, maadamu ninakaa Ulaya, ambako kwa itikadi yako hata banda la kuku huchorewa ramani na mhandisi, nikutumie picha za mageti na nyua za Waingereza, ili fundi wa chuma wa mtaa wa Gerezani azinakili na simba wale wafe kwa haya.

Picha ninazo, mjomba. Lakini nikizituma kabla ya kukusimulia yaliyonifika nitakuwa nimekudhulumu, kwa hiyo vuta kigoda.

Nyumba niliyoipata huku ni moja katika safu ya nyumba za matofali mekundu zilizogandana ubavu kwa ubavu. Mbele pana kiwanja cha kutosha majamvi mawili, na nyuma pana bustani ndefu na nyembamba kama kanga iliyoanikwa. Nilipokabidhiwa ufunguo nilikuja na akili zangu zote za Dar es Salaam, na miongoni mwa akili hizo ni ile isemayo kwamba nyumba isiyo na geti haina mwenyewe. Wewe unajua: mtu wa kwetu akipata fedha hatazamwi usoni, hutazamwa getini, nao wapo, huko Mbezi na Goba, waliokwisha kumaliza ukuta, geti, seng'enge, waya wa umeme na kengele, ilhali ndani ya ukuta huo hamna kitu ila msingi na matuta ya mihogo.

Basi nikanunua viunzi vya mbao, ambavyo huku huuzwa tayari vikiwa na sentimita 183 kwa 183, nikavisimamisha mbele ya nyumba, nikatia na lango refu kunishinda mimi. Lango nikalipaka rangi ya buluu, kwa mapenzi ya bahari. Viunzi nikavipaka kijani, kwa kuwa kopo la kijani lilikuwa limepunguzwa bei. Nguzo nikaziacha kama zilivyozaliwa, na mlango wa nyumba ulikuwa mwekundu tangu enzi za mwenye nyumba aliyetangulia. Nikavuka barabara ili niitazame kazi yangu kwa fahari, na nisikufiche, mjomba: niliona daladala ya Mbagala iliyoegeshwa isipate kuondoka.

Nikajifariji kwamba ugeni wa macho utapita, nikahamia nyuma kuendelea na uzio wa bustani. Jumamosi moja, nilipokuwa nikigongea ubao wa mwisho, nyundo ikakiacha kichwa cha msumari ikalichagua dole gumba. Nikapiga ukelele kwa lugha niliyozaliwa nayo: "Mama yangu weee!" Na kutoka ng'ambo ya uzio, ambako kwa muda wa miezi minane sikupata kusikia ila redio na kikohozi, sauti ya kizee ikanijibu taratibu:

"Pole, bwana. Msumari hushikwa kwa koleo. Haushikwi kwa kidole."

Nilidhani maumivu yamenipotosha akili. Kikachomoza kichwa chenye kofia ya sufu, na chini yake uso wa mzee wa Kigujarati, mzaliwa wa Kisutu, Dar es Salaam, ambaye baba yake alikuwa na duka chini na vyumba vya kupangisha juu, hata mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, jengo lao likawa miongoni mwa yaliyochukuliwa, na mwaka uliofuata wakahamia huku. Kwa miezi minane mzee huyu alikuwa akinisikia nikizungumza nawe kwa simu bustanini, kwa sauti ile yetu ya kuhakikisha kwamba maneno yanafika Tanzania hata mtandao ukikatika, na mimi nikiamini kwamba Kiswahili ni sitara tosha. Neno lake la pili, baada ya pole, lilikuwa kuniuliza kama mkazamjomba amekwisha kukusamehe juu ya ile friji.

Mji huu wenyewe una kisa chake katika mambo ya nyua. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaasa wasije huku kwa kuwa nafasi zimejaa. Nalo tangazo, kama inavyosimuliwa hapa hadi leo kwa kicheko, likawaonyesha njia watu ambao hawajapata kulisikia jina la Leicester maishani mwao.

Lakini uzio ulionishughulisha zaidi jioni ile ni wa kwetu. Mzee alikulia Kisutu, nasi tumekulia Kariakoo, na kati yetu upo uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao watawala wa kikoloni waliuacha wazi makusudi ili Uhindini na mji wa Waafrika visigusane. Sijapata kuona wigo mkubwa kama ule, nao haukuwa na nguzo wala msumari. Mzee anasema alikuwa akiuvuka kila Jumamosi, ameshika ncha ya sari ya mama yake, kwenda kununua nazi na mchicha katika soko la zamani la vyuma, mahali walipopiga kambi wapagazi wa Carrier Corps wa Vita Kuu ya Kwanza hata mtaa ukarithi jina lao. Akaniuliza kama soko lile lingalipo. Nikamwambia kwamba lilivunjwa, na badala yake likajengwa katika miaka ya 1970 lile la zege lenye paa kama miavuli, lililosanifiwa na Beda Amuli, nalo likaungua Julai 2021. Alinyamaza kitambo, kisha akasema twende mbele tukatazame balaa nililolijenga.

Aliitazama kazi yangu kama daktari atazamavyo jipu, akipima mahali pa kulipasua. Aibu ya rangi akaiahirisha, akaanza na kimo. Kwa kanuni za huku, uzio, ukuta au lango linalopakana na barabara ya magari halipasi kuzidi mita 1 bila ya kuomba ruhusa, na penginepo mwisho wake ni mita 2. Mita moja, mjomba! Nilijipima pale pale: hunifika kitovuni. Mwizi wetu angeuruka uzio wa namna hiyo na godoro kichwani asipunguze mwendo.

Nikashika msumeno. Siku ya kwanza niliwahi kuupunguza uzio tu, jua likazama, na kazi ikanibana wiki nzima, hata lango likabaki limesimama peke yake, refu, la buluu, katikati ya uzio wa kufika kitovuni, kama mbuyu katika shamba la mchicha. Sasa sikiliza tabia za watu hawa. Kila asubuhi tarishi alikuja na barua, na pande zote mbili za lango palikuwa na kizuizi ambacho angeweza kunyoosha mkono juu yake akanikabidhi. Lakini alisimama, akafungua komeo, akapita, akalifunga nyuma yake, akatia barua mlangoni, akarudi, akafungua tena, akafunga tena. Siku sita mfululizo. Hakucheka hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya saba tulilikata lango, ndipo mzee akaanza kunisomesha, naye husomesha kama alivyokuwa akiuza duka: hakupi kitu mpaka umeulizia bei. Mstari wa juu wa lango, asema, sharti uwe ni mwendelezo wa mstari wa uzio, jicho lipite bila ya kujikwaa. Nguzo za lango na nguzo za uzio ziwe za mti mmoja, ila za lango ziruhusiwe kunenepa kidogo, kwa kuwa ndizo zichukuazo mzigo. Zote ziingie ardhini sentimita 60, kwani huku hamna mchwa lakini mvua imeajiriwa kwa kazi ile ile. Lango lifuate rangi ya mlango wa nyumba, na uzio uchague rangi iliyotulia. Bawaba, komeo na namba ya nyumba vyote viwe vyeusi, au vyote viwe vya shaba, visichanganywe. Nilipomuuliza elimu hii kaipata katika chuo gani, alistaajabu nisivyojua: si milango ya Unguja? Katika Mji Mkongwe, fahari yote ya nyumba imewekwa mlangoni, katika nakshi za mfaa na kizingiti, misumari ya shaba na mnyororo uliochongwa kuzunguka miimo, na ukuta ulio kando yake umepakwa chokaa nyeupe basi, ukanyamaza. Hapo ndipo nilipotambua, mjomba, kasoro ya simba wa jirani yako: simba anaunguruma, mikuki inapiga kelele, vigae vya ukutani vinaitikia, na mpita njia haelewi amsikilize nani.

Tuliupaka mlango na lango kijani kilichokoza, uzio tukaurudisha katika rangi ya mbao, na nilipovuka tena barabara niliona nyumba. Kesho yake bibi mmoja, ambaye kwa miezi minane alikuwa akipita akitazama ardhi, alinisabahi na kunisifia lango. Labda ni uzuri wake, au labda kwa kimo kipya alikuwa ameniona kwa mara ya kwanza.

Mambo mengine mawili nikupe upesi, kwa ajili ya barazani. Juu ya ukuta mfupi wa mzee vimebaki visiki vya chuma, kila hatua kisiki, na nilidhani ni kazi ya wauza vyuma chakavu. Kumbe ni Serikali yenyewe, wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyozikata nyua za chuma za nyumba kwa nyumba ili ziende viwandani. Na la pili: chini ya uzio wangu wa nyuma nimetoboa tundu la sentimita 13 kwa 13, kwa nasaha ya watu wa huku, ili kalunguyeye apite usiku kutoka bustani hadi bustani akitafuta wadudu, kwa kuwa wanyama hao wanapungua. Najua utakayosema. Kwetu tunapanda vipande vya chupa juu ya ukuta, na mpwa wako amekwenda Ulaya kufungulia mlango mnyama wa miiba.

Sasa nyumba ya babu. Hiyo, kama nyumba zote za Kiswahili za mitaa yetu, imetoka kibarazani moja kwa moja mpaka mtaani, haina kiwanja cha mbele cha kuzungushiwa uzio, na hayo uliyoyataja, ya kuiziba baraza kwa grili ili ifanane na geti, nakusihi yaache. Wacheza bao watacheza wamefungiwa kama kasuku, na muuza kahawa atapenyeza kikombe baina ya nondo. Ulicho nacho ni mlango wa mbele, madirisha manne na geti la uani. Nenda Gerezani kwa fundi mmoja, siku moja, umpe yote kwa pamoja: geti la uani na grili za madirisha, nondo za milimita 12, mchoro mmoja usio na mnyama ndani yake. Akimaliza kuchomelea, kabla ya rangi ya mafuta, simama juu ya kichwa chake mpaka apake ya kuzuia kutu, maana hewa ya bahari haina huruma na chuma kilicho uchi. Rangi iwe ile ile ya mlango wa mbele. Fedha nitazituma mwisho wa mwezi, na ukiniletea risiti yenye simba sitailipa.

Nami nina haja kwako. Mimi na mzee tumekata lango dogo katika uzio wa baina yetu, kwa sababu chai ilikuwa ikimwagika kupitishwa kwa juu na goti lake halimruhusu kuzunguka kwa mbele. Lango liko tayari, limepakwa rangi, ila halina komeo, kwani tumeshindwana liwe upande gani. Mimi nasema liwe kwake, maana ndiye mkubwa. Yeye anasema liwe kwangu, maana ndimi mwenye watoto. Tumebishana birika mbili nzima, na tumesuluhishana yawe mawili, kila mtu na lake. Ya madukani huku ni mepesi kama makopo. Kwa hiyo, mtoto wa dada anapokuja mwezi ujao, mpe makomeo mawili ya Gerezani, ya inchi sita, chuma kizito, yasipakwe rangi, tutapaka wenyewe. Mzee anasisitiza upatane bei, naye anasema bei ya kwanza ya Gerezani hailipwi na mtu aliyezaliwa Dar es Salaam.

Anauliza tena habari ya friji.

Wasalaam,
Mpwa wako