Mwingereza Anataka Risiti

Kwenye karatasi za Uingereza mimi ni mtegemezi. Mke wangu, Mama Zainabu, ni muuguzi, viza ni yake, na mimi na watoto tumening'inia nyuma kama makanga mlangoni mwa matatu. Sina neno, ugali ni uleule. Taabu ilianza tulipotimiza ile miaka 5 iliyotakiwa na sheria tukataka kuomba ukaazi wa kudumu. Mama Zainabu alishathibitisha Kiingereza chake kabla hajapanda ndege, kwa hiyo hakuulizwa tena. Aliyetakiwa athibitishe ni mtegemezi: angalau kiwango cha B1, cha tatu kutoka chini kwenye ngazi ya Wazungu ya kupimia lugha.

Sasa nisikilize. Mimi nimesoma Mombasa, kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu, kwa Kiingereza. Shuleni kwetu aliyenaswa akiongea Kiswahili alivikwa diski shingoni, akazunguka nayo mpaka amnase mwenzake. Mimi niliivaa hadi kamba ikaniachia alama. Insha zetu zote za Kiingereza zilianza Jumatatu asubuhi, jua likichomoza na ndege wakilia mitini, hata kama mada ilikuwa ajali ya barabarani. Katiba ya Kenya nayo, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanasamehewa mtihani, Kenya haimo. Nigeria haimo, Ghana haimo, hakuna hata nchi moja ya Afrika. Jamaika imo, Trinidad imo, Malta imo. Jirani yetu Mmalta akipiga simu kwao huongea Kimalta, na mimi niliyepitia madrasa nadaka neno moja moja kwa kuwa asili yake ni Kiarabu. Yeye mtihani haumhusu.

Nilimpigia simu ami yangu, aliyeanza ukarani pale Kilindini kabla ya uhuru. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani mwanangu, Mwingereza si ndiye aliyetutia fimbo ili tukijue hicho Kiingereza chake? Leo anataka risiti?"

Ipo njia ya kuukwepa mtihani. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaipeleka ikathibitishwe, analipa, mambo yanaishia hapo. Shahada ninayo, imefungwa kwenye fremu. Nikaitoa, nikaifuta vumbi, Mama Zainabu akaiweka kando ya pasipoti na kusoma kwa ile sauti yake ya wodini: "Baba Zainabu, hapa wewe ni Mohamed. Na hapa ni Mohammed." Karani mmoja huko nyumbani alijisikia mkarimu siku hiyo akaniongezea herufi. Na ukitazama cheti cha kidato cha nne, nimo humo kama Muhammad. Watu watatu, na hakuna hata mmoja anayewafahamu wenzake! Kusaka kiapo cha wakili Mombasa, kukitia muhuri na kukisafirisha kungechukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. Nikalipia mtihani, pauni mia moja na ushei.

Tunaishi karibu na Newcastle, na mlinzi wa kituo cha mtihani alikuwa mzaliwa wa hapo mwenye lafudhi nzito. Alisema jambo refu akinyoosha kidole kwenye koti langu. Nikampa pasipoti. Akatikisa kichwa, akarudia lilelile. Nikavua miwani nikampa. Mama mmoja wa Kibangladeshi aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinihurumia akaninong'oneza, "Simu. Anataka uzime simu." Ingekuwa mlinzi ndiye mtahini, ningerudi kwetu na ndege ya jioni.

Ndani mambo yalikuwa laini. Mtihani niliouchagua ni wa kuzungumza na kusikiliza tu, dakika 10, wewe na mtahini mkitazamana huku mnarekodiwa. Mada ya kwanza unakwenda nayo mwenyewe. Nilikwenda na matatu. Mtahini, bibi mpole mwenye sweta, akauliza kama yana ratiba. Nikamwambia ratiba ya matatu ni kujaa. Akaandika. Nikamweleza habari za marehemu waziri John Michuki, alivyoyabana mwaka 2004: mikanda kwa kila abiria, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Nilikuwa natiririka kama mtangazaji wa mpira. Ndipo akauliza kwa upole kama sheria hizo bado zinafuatwa. Hapo Kiingereza kikanikauka mdomoni.

Nilipita. Lakini B1 ni nusu ya safari; kuna mtihani wa pili, wa maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, upate 18, ada pauni 50. Huu ndio wenye mambo. Kitabu chake kinakutaka ujue wake 6 wa mfalme Henry VIII na kila mmoja alivyoishia. Jirani Mwingereza nilimpima: aliwataja wawili, kisha akaniuliza kama nataka chai. Mimi nilivutiwa zaidi na Sake Dean Mahomet, Mhindi aliyefungua mkahawa wa kwanza wa mchuzi wa bizari jijini London mwaka 1810, na ndiye aliyewaletea Waingereza mambo ya shampuu. Mohamed mwenzangu, na naye jina lake limeandikwa kivyake! Hakuna aliyemtaka alete kiapo.

Ada ya ukaazi wenyewe mwaka 2025 ilikuwa pauni 3,029 kwa kila kichwa, na kichwa cha mtoto ni kichwa vilevile. Mei mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilichapisha waraka wenye pendekezo la kuipandisha B1 iwe B2, watu wazima wanaotegemea wenzao wakiwamo. Basi wewe uliye Mombasa, Tanga au Kampala, ambaye mwenzako ameanza kunong'ona habari za kazi ya uuguzi ng'ambo, toa cheti chako kwenye fremu leo, ukiweke kando ya pasipoti, na ulinganishe jina herufi kwa herufi. Wakili wa hapo mtaani bei yake bado inazungumzika.