Lenzi Nyeupe Haitakuja

Jena, Ujerumani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa bibi yetu Dani, kwa Baba Mdogo, na kwa wote watakaosomewa barua hii mbele ya kibanda chako cha picha, maana najua hutaachwa uisome peke yako. Ningeandika haya kwenye WhatsApp, ila kikundi chetu cha familia kimegeuka bunge, na hoja yangu ya mwisho ilizikwa chini ya maua ya "asubuhi njema" kabla hujaiona. Karatasi haina mtu wa kuikatiza.

Naanza na lenyewe ili Baba Mdogo apate muda wa kukasirika na kupoa tukiwa bado ukurasa wa kwanza: lenzi nyeupe haitakuja.

Najua homa ilikushikia wapi. Oktoba 2025, Raila alipoletwa nyumbani na kuzikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo ilijaa wapiga picha wa kila taifa, na wengi wao walibeba mzinga mweupe begani. Ulisimama katikati yao na kamera yako ya 700D yenye ile lenzi fupi iliyokuja nayo kwenye boksi. Sote tulimlilia Baba Raila. Wewe ulilia mara mbili.

Basi nikueleze ule mzinga. Ule unaoutamani ni Canon ya milimita 70 hadi 200, f/2.8. Hapa, hata ya mtumba iliyochubuka rangi inadai mamia ya euro. Sisi, tukijumlisha akiba yangu, mchango wa Baba Mdogo (ahadi) na jogoo wa Mama (ameuzwa kweli), tuna euro 150, yaani elfu ishirini na kitu za kwetu. Halafu kuna uzito. Mzinga ule unakaribia kilo moja na nusu, na jamaa anayekuja Desemba ana kilo 23 tu za begi, ambazo zimeshagawanywa na rufaa zimeshakatwa. Viatu vya Mama havitoki. Blanketi la Dani halitoki. Anayetaka kulitoa aje amwambie Dani mwenyewe.

Na ule weupe si cheo. Canon hupaka lenzi zake kubwa rangi hiyo ili jua lisizichemshe. Baba Mdogo anashikilia kwamba mpiga picha wa matanga hupimwa kwa urefu wa lenzi, na mwenye fupi hupewa chai mwisho, ikiwa imebaki majani. Hapo simbishii. Nimeona mtu akipishwa mpaka kando ya jeneza bila hata kuulizwa anatoka gazeti gani, kwa sababu tu alishika kitu kirefu. Ila akishafika kando ya jeneza, lenzi inayoanzia milimita 70 itampa nini? Pua ya mchungaji.

Mapendekezo mengine nimeyasoma yote. Shemeji anataka kamera iuzwe tuongezee ya pikipiki. Dada anataka ile taa ya duara ya kujipigia video za TikTok, ambayo si lenzi, lakini imeungwa mkono na nusu ya kikundi. Mama anataka lenzi isiyomnenepesha. Hilo nitalirudia, kwa kuwa ndilo pendekezo pekee la kitaalamu lililotoka upande huo.

Na wewe umeleta hoja ya ndege. Eti ukiwa na lenzi ndefu utakwenda Ziwa Kanyaboli na kinamasi cha Yala, upige wale ndege wa kwenye mafunjo na nzohe wanaojificha majini, uwauzie watalii. Omera, mtalii anayesafiri kutoka Ulaya kuja kumtazama ndege mmoja mwenye kifua chekundu ndani ya mafunjo huja na lenzi yake ya milimita 400 au zaidi, kiti chake na kofia yake. Hakuja kununua picha, amekuja kuipiga. Na nzohe ni mnyama aliyeamua kuishi matopeni ili asionekane. Tuheshimu uamuzi wake. Wateja wako unawajua: matanga, harusi, ubatizo, na wale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jaramogi wanaovaa joho siku moja na kutaka picha za mwaka mzima.

Sasa nikwambie ninakoishi, kwa sababu mnadhani nikiinama tu naokota lenzi barabarani. Ni kweli kwamba huu ndio mji wa mambo hayo. Carl Zeiss alifungua karakana yake hapa mwaka 1846. Akamchukua mwanafizikia Ernst Abbe, aliyekokotoa jinsi mwanga unavyopita kwenye kioo badala ya kubahatisha, na baadaye Otto Schott akawatengenezea kioo chenyewe. Huyo Abbe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi, na mwaka 1900 Zeiss ilikuwa tayari na siku ya kazi ya saa nane. Zamu yangu kwenye nyumba ya wazee ikiisha namkumbuka kwa upendo, nikitembea kwenda stesheni ya Jena Paradies. (Mama asilitangaze jina la stesheni kanisani.)

Lakini kuishi penye kitu si kuwa nacho. Kisumu hapo, mtu anaona ziwa kutoka dirishani na sahanini kwake kuna tilapia wa barafu kutoka China. Ndivyo nilivyo mimi na lenzi za Zeiss.

Karibu zaidi nilipofikia ni kwa mzee mmoja ninayemhudumia. Alikuwa aking'arisha vioo Zeiss enzi za Ujerumani Mashariki, na vidole vyake mpaka leo vinazunguka vyenyewe akiwa anasubiri supu. Nilipomwambia habari zako alifungua kabati, akafunua kitambaa, na hapo ikakaa Pancolar: milimita 50, f/1.8, ya hapa hapa Jena, nyeusi, nzito kwa umbo lake, kioo kikirudisha mwanga wa zambarau. Akaniambia, chukua, mpelekee mdogo wako.

Mama, keti kwanza. Sikuichukua. Sheria ya huku haimruhusu anayehudumia wazee kupokea zawadi ya thamani kutoka kwa mzee anayemhudumia. Chokoleti naruhusiwa. Najua kwetu zawadi ya mzee haikataliwi, na najua Dani ameshaanza kuguna. Nilimweleza mzee kuhusu sheria hiyo, akasema imetungwa na watu wasio na kabati, akairudisha mahali pake, na tangu hapo huniangalia jinsi Dani anavyomwangalia mtu aliyekataa chakula.

Ila alinipa kitu ambacho sheria haikukitaja. Aliuliza: mdogo wako anasimama umbali gani na watu? Yawa! Kikundi kizima, ujumbe mia na kitu, Baba Mdogo na sauti zake za dakika saba, na hakuna aliyeuliza hivyo.

Chukua chaki ufanye hesabu hii kwenye ukuta wa kibanda. Kihisi cha kamera yako kina upana wa milimita 22 na kidogo. Familia imejipanga kando ya jeneza, watu wa mita tano. Kwa lenzi ya milimita 70 lazima urudi nyuma karibu mita 16 ndipo waenee. Pale nyumbani kwetu mita 16 ni kupita jiko, kupita hema la wazee, kuvuka ua, ukawa shambani kwa jirani unawapigia kelele wafiwa wasogeleane. Kwa milimita 50 ni mita 11, bado unakanyaga mihogo. Kwa 24 ni mita tano na nusu. Na kwa 18, ambayo unayo tayari kwenye lenzi yako ya zamani, ni mita nne.

Kwa hiyo picha ya familia unaweza kuipiga leo, bure. Nilikuwa nimeanza kuitamani ile Canon nyembamba ya milimita 24, f/2.8, ya gramu 125, inayoingia mfuko wa shati. Nikaiacha kwa sababu hiyo tu: ingekupa upana ulio nao, na mwanga ulioongezeka mara mbili hivi. Njaa yako haiko kwenye upana. Iko usiku, chini ya turubai, balbu mbili za jenereta, kwaya imesimama na nusu ya nyuso ziko gizani. Iko kwenye kanisa la mabati lenye madirisha madogo. Hapo ile lenzi ya boksi ukiivuta hadi milimita 55 inafunguka mwisho f/5.6, na picha zinatoka za chembechembe, kila mwimbaji ana vichwa viwili. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Hiyo si tofauti ya kujisifia kijiweni, ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa.

Nikaenda soko la mitumba la Jumapili. Kila meza ina Helios 44-2, milimita 58, f/2, kwa bei ya viatu. Ni ya Kisovieti, lakini imetokana na Biotar ya Zeiss. Baada ya vita Wasovieti waliondoka Jena na mitambo na michoro, na binamu huyu akazaliwa huko. Kwenye Canon yako inaingia kwa pete ya chuma tu, isiyo na kioo, maana lenzi zile za skrubu hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu na Canon inahitaji 44 tu. Pete inajaza kile kilichobaki. Nyuma ya mtu huchora vizunguzungu vizuri ajabu. Nilikuwa nimeshatoa pochi. Kisha nikakumbuka kwamba haina fokasi ya kujiendesha. Siku ya tero buru, ya kufukuza kifo, dume linakuja mbio, vijana wenye mikuki nyuma yake, filimbi zinalia, na wewe umesimama njiani unazungusha pete. Nikarudisha pochi.

Nimenunua Canon ya milimita 50, f/1.8, ile STM iliyotoka mwaka 2015. Mtumba, euro 85, kwenye duka lenye risiti. Gramu 160: itasafiri ndani ya kiatu cha Mama, na Mama hatakuwa na la kusema, kwa sababu yeye ndiye itakayemfaa zaidi. Kwenye kamera yako unazidisha kwa 1.6, inakuwa na macho ya lenzi ya milimita 80, ambayo humpiga mtu kutoka mbali kidogo na kumwacha na uso wake. Kilichokuwa kinamnenepesha Mama ni wewe kumsogelea na milimita 18.

Niliikagua mzee alivyonielekeza. Unafungua vifuniko vyote viwili, unawasha tochi ya simu upande wa nyuma, unachungulia mbele kwa mshazari. Vumbi si neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotandaa pembeni mwa kioo: hiyo ni kuvu, na kuvu ikishaanza hula ule utando wa juu ya kioo na haisikii kitambaa. Muuzaji aliniangalia nilivyokodoa jicho, akaniuliza kama mimi ni daktari. Kioo kilikuwa safi. Tafadhali kibaki hivyo. Unyevu wa ziwa unaujua. Usiiweke kwenye ule mkoba wa ngozi nyuma ya kitanda. Chukua mkebe wa Kimbo wenye kifuniko, uoshwe mafuta yote yatoke, uweke na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Ikifika, usiwe mtu wa f/1.8 saa zote. Ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa Dani, sehemu iliyo kali ni sentimita sita tu. Jicho lake litang'aa na sikio litakuwa ukungu, na Dani atauliza sikio lake umelipeleka wapi. Mtu mmoja, f/2.2. Watu wawili watatu, f/4. Kwaya usiku, fungua hadi 2, ISO 1600, kasi isishuke chini ya 1/100, na upige mwishoni mwa ubeti wanapotulia kuvuta pumzi. Familia ya mita tano, rudisha ile lenzi ya zamani uliyoidharau.

Zilizobaki nimenunua betri ya pili, kwa sababu matanga hayaishi na betri huisha. Fedha za jogoo zinarudi kwa Mama. Ahadi ya Baba Mdogo namrudishia pia, kama ilivyokuja.

Na kwa ajili yake nimeongeza kitu kimoja cha euro 9: kofia ya chuma ya lenzi, ya kufunga kwa skrubu mbele, ndefu kuliko lenzi yenyewe. Nimeijaribu dukani kwenye kamera ya aina ya yako na haiingii kwenye pembe za picha. Kazi yake ni kuzuia mwanga wa pembeni. Ni nyeusi, lakini rangi nyeupe ya mafuta inauzwa hapo kwa duka la vifaa, na Baba Mdogo ana brashi. Apake nje tu, ndani asiguse. Ukiifunga uende nayo moja kwa moja mpaka kando ya jeneza, na chai ikija mapema, nibakizieni.

Ni mimi, kaka yako.