Kamati ya Ukuta

Huko milima ya Usambara, Fisi alichonga ubavu wa mlima akajenga nyumba ya matofali, ukuta wa nyuma ukiegemewa na udongo hadi usawa wa dirisha. Kwa haraka ya kuhamia, hakutandika hata nailoni kati ya msingi wa mawe na tofali la kwanza. Kiangazi kikapita salama. Masika yalipoingia, ukuta ukaanza kutoa chumvi nyeupe, rangi ikabanduka, na watoto wakawa wanakesha wakikohoa.

Fisi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, akaunda kamati. Angeweza kumuuliza fundi, lakini kuuliza hakuna posho. Kima akapewa kazi ya kupaka rangi ya mafuta. Ukuta ukang'aa kwa muda. Maji nayo, yalipozibiwa pa kutokea, yakazidi kupanda mpaka ilipotundikwa picha ya mwenyekiti. Hapo ikawa dharura. Kamati ikakaa tena, ikapitisha rangi mikono miwili.

Mzee Fuko akaja bila kuitwa. Wakamwamkia shikamoo ya mdomoni tu.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mimi naishi humo chini. Mvua ikinyesha kule juu, maji huzama kwenye udongo laini mpaka yakute mfinyanzi. Hapo hayazami tena, yanateleza juu yake yakishuka. Ninyi mmeikata njia yao mkaweka chumba cha kulala. Uondoeni udongo ulioegemea ukuta. Kisha chimbeni mtaro hatua kadhaa juu ya nyumba, kina chake kipite sakafu yenu, mjaze mawe na kokoto, muuinamishe kuelekea migombani. Ukuta wenyewe ukwangueni hiyo rangi, upumue. Mkitaka weupe, chokaa ipo."

Nguchiro, katibu, akanong'ona: "Huyu mzee ana macho?"

"Hana."

Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba mtoa hoja haoni tatizo.

Mama Fisi, aliyekuwa akilala na wale watoto, hakungoja muhtasari usomwe. Usiku akamfuata Fuko na ukoo wake wote, wakachimba, wakajaza mawe, wakaparua udongo ukutani. Vuli ilipofika, maji yakapita mtaroni yakaenda zake migombani. Ukuta ukakauka polepole, chumvi ikapukutika, kikohozi kikakoma.

Kamati ilikuja kukagua ikakosa cha kukagua. Wajumbe wakatazamana. Kima alikwisha kukopa makopo ya rangi, na kikao cha kufunga mwaka kilikuwa bado hakijalipwa. Nguchiro ndiye aliyewaokoa: mtaro ule, alisema akifunua jalada, umechimbwa bila kibali, tena unamwagilia migomba ya mtu asiyelipa ada ya maji.

Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba ufukiwe kabla ya masika. Mjumbe mmoja akauliza rangi ya safari hii iwe gani.

"Kijani," akasema mwenyekiti. "Si ukungu wenyewe ni wa kijani?"