Ombi la Kurudishiwa Benchi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: BENCHI MOJA NA MATAIRI SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunashukuru kwa mgambo wanane na gari moja mliotutumia Alhamisi iliyopita. Hatujawahi kuona huduma ya jiji ikitufikia kwa kasi ile. Kuhusu mtaro ulioziba mbele ya shule tumewaandikia barua tatu. Zote zina mhuri wa "Imepokelewa" na tumezitunza vizuri. Kuhusu benchi hatukuandika hata mstari, na mlilifuata kabla hata wiki haijaisha.

Ili kumbukumbu za ofisi zikae sawa, tueleze kosa letu. Pale njia panda ya shule ya msingi, chini ya mwarobaini, pana kipande cha ardhi kilichokuwa kikitupiwa taka. Watoto huvuka pale saa moja kasoro asubuhi, na saa hiyohiyo bodaboda hukatiza pale kukwepa foleni. Jumamosi moja tukachangishana. Seremala alitoa mbao, fundi pancha akaleta matairi sita yaliyokwisha, mama ntilie akapika, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatupa nusu ndoo ya rangi nyeupe iliyomganda dukani. Tukazoa taka, tukapanga matairi ili kona iwe kali na pikipiki zilazimike kupunguza mwendo, tukapigilia benchi, tukachora kivuko. Zebra yetu haikuwa nzuri, tunakiri. Mstari wa tatu ulipinda kwa sababu aliyeshika kamba alipigiwa simu na mkwewe. Gharama yote, pamoja na soda za watoto, haikufika shilingi 60,000.

Wazee wakahamishia bao lao pale. Muuza kahawa akaja na birika lake na kashata. Bodaboda nao wakaanza kupita taratibu, wala si kwa kuogopa sheria. Ni vigumu kupita kwa fujo mbele ya wazee waliokutazama tangu unajifunza baiskeli. Kisha mkaja.

Afisa aliyeongoza zoezi alitusomea makosa matatu: kuchora barabara bila kibali, kuweka vizuizi kwenye hifadhi ya barabara, na kubadili matumizi ya ardhi. Hilo la tatu hatulipingi. Matumizi ya ardhi ile yalikuwa taka, na kweli tuliyabadili. Tunaomba radhi.

Tulipouliza kwa nini jiji lisituchoree zebra iliyonyooka, tuliambiwa fungu la rangi halipo. Hapo, Ndugu Mkurugenzi, tulipata mashaka kidogo. Mwaka juzi nyumba 11 za mtaa huuhuu zilichorwa X nyekundu kwa siku moja, na chini ya kila X neno BOMOA, kwa herufi zilizopangika kama za mashine. Mchoraji wenu ana mkono. Tunaomba mtuazime kwa asubuhi moja. Abadilishe rangi tu.

Wala si kweli kwamba jiji halijui kazi za haraka za gharama nafuu. Mgeni rasmi alipokuja kuzindua kisima, usiku mmoja ulitosha. Mawe ya ukingo yalipakwa chokaa, mashimo yakajazwa kifusi, na kulipokucha barabara nzima ilikuwa na miti pande zote mbili. Msafara ulipita kwa dakika nne. Wiki moja baadaye mbuzi wa jirani aliung'oa mti mmoja kwa kuuegemea tu, ndipo tukajua kuwa ni matawi yaliyochomekwa. Hatulaumu. Tunasema tu kwamba ufundi mnao.

Wenzenu wanaofanya kazi kama hiyo hutofautiana nanyi kwa jambo dogo: wakishaweka, husubiri waone. New York mwaka 2009 walifunga kipande cha Broadway pale Times Square kwa magari, wakaweka mapipa ya kuzuia njia na viti vya kukunja vya ufukweni, wakasema ni majaribio. Waenda kwa miguu waliokuwa wakijeruhiwa pale wakapungua kwa asilimia 35, na mwaka uliofuata meya akatangaza kuwa mpango ule ni wa kudumu. Viti vya ufukweni, Ndugu Mkurugenzi, katikati ya mji, na hakuna aliyeleta gari la mgambo. Bogotá nako, tangu 1974, barabara kubwa hufungwa Jumapili watu wakatembea na kuendesha baiskeli, kisha mchana magari yanarudi. Kigali wanao mtaa wa katikati ya mji usiopitisha magari tangu 2015.

Kama hayo ni ya mbali, Dar es Salaam ni hapahapa. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likiweka vijia vya miguu, matuta, vivuko na alama, na mwaka 2019 mradi huo, SARSAI, ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Tuzo ya dunia ikaenda kwa matuta! Sisi letu la matairi mmelipakia kwenye gari.

Tunajua jibu lenu: tusubiri mpango kabambe. Tunauheshimu sana mpango kabambe. Picha yake tuliiona ukutani pale mapokezi, yenye mabasi ya vioo na watu warefu wanaotembea na mbwa. Tulitafuta mtaa wetu kwa kidole nusu saa nzima, tukakuta umechorwa ziwa. Kwa mwezi wa nne picha hiyo ni sahihi kabisa, na tunampongeza mtaalamu.

Basi ombi letu ni moja na nusu. Nusu ni kwamba mtupangie mgeni rasmi, awaye yote, wa kupita njia panda yetu kila siku saa moja kasoro asubuhi. Si lazima ashuke kwenye gari.

Ombi lenyewe ni benchi. Mmoja wetu alikuja ofisini kwenu Jumatatu kulipia leseni, akaliona uani, chini ya kivuli, mgambo watatu wamekaa wakinywa chai. Hatuna kinyongo, benchi ni la kukaliwa. Ila kama litachelewa kurudi, waambieni kwamba mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi, ndiyo maana tuliuwekea kipande cha ndala. Wasikitoe, litawamwagia chai.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakazi wa njia panda ya mwarobaini

Nakala: Mbuzi wa jirani, kwa taarifa