Mimina Yote, Nimeilipia

Ipo fedheha inayouma kuliko gari kuzima kwenye mataa: kurudi kwa fundi na gari linalofuka moshi wa bluu, mdomo umejaa lawama, kisha kukumbushwa mbele ya watu kwamba wiki iliyopita ni wewe uliyemsimamia ukisema, “Mimina yote, nimeilipia.” Na fundi hasemi uongo. Injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo kwenye Vitz, IST na Probox nyingi, inataka lita 3.7 filta ikibadilishwa, na 3.4 isipobadilishwa. Galoni ya dukani ni ya lita 4. Ugomvi wote umo katika hiyo 0.3: bosi mwenye gari anaona akiiacha ameibiwa, na fundi, kwa kuchoka kuitwa mwizi, anaimimina.

Utasema kiasi hicho hakiui injini. Kweli, kikiwa peke yake, maana alama mbili za dipstiki kwa kawaida zimeachana karibu lita nzima. Lakini hakiji peke yake. Filta ya zamani ikiachwa, ziada imeshafika 0.6, na oili ya zamani ikimwagwa baridi, kwa haraka, nyingine imebaki kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Sasa tazama huko chini. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde, na imepangiwa kupita juu ya oili bila kuigusa. Oili ikipanda, inachapwa kama mayai ya kukaanga mpaka inatoa povu. Pampu inavuta povu, povu ni hewa, na hewa haizuii chuma kusaga chuma. Injini iliyozidishiwa oili inasagika kwa kukosa oili!

Akiba haiozi, watajibu wengine, na injini kuukuu hunywa oili. Basi akiba ikae kwenye buti, iongezwe dipstiki ikidai: gari mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa, kijiti kimefutwa kwanza. Kipimo si siri. Kimo kwenye kitabu kilichokuja na gari. Kimeandikwa Kijapani, sawa, lakini 3.7 ya Kijapani ni 3.7. Kinachoudhi ni kwamba mtu aliyepunja malipo ya ufundi hadi shilingi ya mwisho, na dukani akalipa bila kuuliza, anamchunga fundi kama mwizi wa kuku kwa oili isiyozidi chupa ndogo ya soda. Galoni ina kifuniko. Kinafunga.