Kufuli la Nani Hili?

Nyumbani kwangu vitu hupotea. Nimeshazoea. Rimoti, vijiko vya chai, chaja za simu, vyote huondoka bila kuaga na hakuna anayehojiwa. Nisichokizoea ni kitu kuongezeka. Kompyuta ya sebuleni ilipotoka kwa fundi nikaiwasha, nikakuta diski ya ziada inayoitwa E, imepigwa kufuli la njano. Nikamwita mama watoto, maana huenda ni mahesabu ya kikoba.

"Imekwenda kusafishwa feni, imerudi na mtoto," akasema, akarudi zake jikoni.

Nikabofya. Ikaniomba nywila. Mimi! Umeme nalipa mimi, meza nimenunua mimi, halafu kitu kilichoingia bila hodi kinataka nijitambulishe. Nikaijaribu kila nywila ya nyumba hii, hadi jina la timu yangu. Ikakataa. Ikanishauri kwamba kama nywila sina, niweke ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Arobaini na nane! Za LUKU ni 20 tu, na kwenye giza huzikosea mpaka watoto wananipokonya simu wanisomee. Huyu aliyetunga 48 hajawahi kukatikiwa umeme.

Kijana wangu akatoa hukumu: "Baba, hivyo ni virusi." Kwake yeye hata uji ukiungua ni virusi. Nikachomoa flashi, nikachomoa na waya wa printa, E haikutikisika. Akauliza mbona diski zinaanzia C, A na B ziko wapi. Nikamweleza kwamba herufi hizo zilikuwa za flopi, na kwamba flopi ya kawaida haikuingia hata megabaiti mbili. Akanitazama kwa huruma.

Nikampigia fundi. "Bosi, hiyo ndogo. Ilete tupige Windows upya." Mafundi wa mji huu wana dawa moja. Feni inakoroma, piga Windows. Printa imeishiwa wino, piga Windows. Nikambana: humo ndani ulifanya nini? Akajiumauma, kisha akakiri, "Kulikuwa na waya unaning'inia, bosi. Nikauchomeka."

Kumbe! Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, na muuzaji aliapa ilikuwa ya karani mmoja wa Ulaya aliyeitumia kuandika barua tu. Ndani ilikuwa na diski mbili. Aliyeiandaa kwa kuuza alipiga Windows mpya kwenye ya kwanza; ya pili hakuitoa wala hakuifuta, aliichomoa waya akafunga boksi. Ikakaa humo kimya miaka yote tukiweka juu yake kitambaa cha kufumwa. Nilipoingia sehemu ya kusimamia diski nikaiona: gigabaiti 465 na ushei, ambazo kwenye lebo ya kiwanda ni 500, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. (Nikipunjwa hivyo kwenye mchele naita mgambo.) Pembeni imeandikwa BitLocker, ile programu ya kufunga diski iliyoanza na Windows Vista, ambayo raia tuliuziwa 2007. Hiyo huvuruga kila kilichoandikwa, baiti kwa baiti. Hamisha diski kwenye kompyuta nyingine, peleka kwa fundi wa Kariakoo au wa Dubai, bila nywila au ufunguo utasoma takataka tupu.

Ningeishia hapo, lakini habari zikamfikia shemeji. Akaja na stori ya Stefan Thomas, mtaalamu wa programu wa San Francisco, mwenye flashi iliyofungia bitcoin 7,002. Karatasi ya nywila ilipotea, flashi inaruhusu kubahatisha mara kumi tu, naye alishatumia nane. "Sasa wewe una diski nzima, shemeji, unataka kufuta?" Nikamwambia karani wa Ulaya ana mihtasari ya vikao. "Ndivyo wanavyojificha," akajibu, akavuta kiti, akaanza kubahatisha majina ya Kizungu.

Mama watoto ndiye aliyefunga mjadala. "Ukiokota pochi ya mtu ina zipu ngumu, unamwita jirani aje na koleo? Si chetu. Futa."

Nikafuta. Na hapa ndipo nilipokasirika upya. Nilibofya kufomati, ikauliza mara moja kama nina uhakika, basi. Nywila haikutaka. Tarakimu 48 haikuzitaja. Kilichogoma kusomwa na ukoo mzima kilikubali kufutwa na yeyote mwenye kipanya. Kufuli lile lililinda maneno ya karani. Diski yenyewe lilituachia. Sasa tunawekea picha za harusi, na shemeji akija hapa anamsalimia dada yake tu.

Wewe unayenunua ya mtumba, mwambie muuzaji afungue boksi mhesabu diski kabla hujatoa hela. Na ukiona kufuli kwenye C yako mwenyewe, hata kama liko wazi, zitafute hizo tarakimu 48 leo, uziandike kwenye karatasi. Likijifunga nawe huna, hakuna fundi wa kukusaidia, watakupigia Windows.