Namna ya Kuchagua Sabufa kwa Masikio

Ukiingia duka la sabufa, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, anzia nyuma. Geuza mgongo wa chombo utafute kibandiko cha umeme. Boksi linajigamba PMPO, yaani nguvu ya kilele cha mara moja, wati 10,000. Kibandiko kinakiri wati 60. Hakuna chombo kinachotoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia, basi amini kibandiko. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Ukiikosa kote, mtengenezaji ameshajieleza.

Muuzaji atawasha sabufa mbili zishindane. Mshike mkono! Sikio hupenda ile yenye sauti ya juu kidogo, hata kama hulijui lililokuvutia, na ya bei kubwa ndiyo itakayofunguliwa zaidi. Tena, mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kuwa sauti ikipandishwa, besi husikika kama imepanda kuliko sauti nyingine. Zisawazishe kwanza, programu ya simu ya kupima desibeli inatosha. Kisha fumba macho, rafiki abadilishe bila kukwambia.

Wimbo uwe wako, kwani wa muuzaji umechaguliwa kutikisa vioo. Mimi napeleka taarabu ya Unguja, ile ya kundi zima. Nasikiliza: nyuzi za ganuni zinaachana au zimegandana? Udi umemezwa na dumbaki? Mwimbaji anasikika akivuta pumzi kabla ya ubeti? Sabufa nyingi za bei ya chini hukwama hapa, maana besi yake hujibu kila noti kwa mvumo uleule. Kwenye spika bora, kila chombo kinakaa mahali pake, na hiyo ni raha inayostahili kulipiwa.

Ila raha hiyo ina kikomo. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio la kulinganisha diski za ubora wa juu na sauti ileile iliyoshushwa hadi kiwango cha CD. Wasikilizaji walipatia mara 276 kati ya 554, sawasawa na kurusha shilingi. Hivyo hivyo, muuzaji akikuletea waya wa spika wa bei ya pikipiki, mwombe naye afumbe macho autambue.

Fedha itakayobaki ipeleke sebuleni: zulia, mapazia mazito. Ondoa sabufa kwenye kona, kwani kuta huikuza besi hadi ikafunika maneno. Ihamishe kidogo kidogo, wimbo uleule ukipigwa, mpaka udi utoke.